Kitambaa cha Sheikh na Moto wa Tatu

Wapokezi wa habari za watu wema wametuachia kisa hiki, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, cha mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Unaisa binti Wahbi, aliyeishi hapo kale katika mji mdogo wa nchi ya Shamu na kuwa mwangalizi wa tanuri la mji huo. Jina la mji limetajwa kwa namna mbili tofauti, na kwa kuwa sikupata la kutegemea, nimeona ni salama zaidi kuliacha. Kuhusu tanuri hakuna aliyehitilafiana.

Lilikuwa tanuri la wakfu, limejengwa kwa mawe na udongo, na mdomo wake ulikuwa na upana wa dhiraa moja na nusu. Mji mzima ulioka humo, maana kuni zilikuwa haba na hapakuwa na nyumba iliyoweza kuwasha tanuri lake peke yake. Kila asubuhi wanawake walileta unga uliokwisha kukandwa na kuumuka, umepangwa juu ya ubao na kufunikwa kwa kitambaa, wakauweka juu ya baraza ya tanuri na kwenda zao. Bi Unaisa aliiingiza mikate kwa kibao chenye mpini mrefu, akaitoa ilipoiva, akaipanga rafuni ikingoja wenyewe. Ujira wake ulikuwa mkate, pamoja na chumba kimoja nyuma ya tanuri. Wakati wa baridi hicho ndicho kilikuwa chumba chenye joto kuliko vyote mjini, na wakati wa kiangazi pia.

Desturi ya mji ilikuwa hivi. Tanuri liliwashwa mara moja kwa siku, na mikate iliingia kwa mafungu matatu, nao waliyaita mioto. Moto wa kwanza ulikuwa wa nyumba kubwa, na vitambaa vyao vilikuwa vya kijani. Moto wa pili ulikuwa wa wafanyabiashara, na vitambaa vyao vilikuwa vyeupe. Moto wa tatu ulikuwa wa watengeneza ngozi, wabeba kuni, waosha maiti, wajane na Wakristo, na vitambaa vyao vilikuwa vya katani isiyotiwa rangi, vinafanana na vumbi la njiani. Zamu ya moto wa tatu ilipofika, tanuri lilikuwa limekwisha kupoa, na mikate ya watu hao ilitoka imekauka juu na mbichi ndani. Kwa hiyo wale waliobeba kuni kutoka bondeni ndio waliokula mkate usioiva.

Inapasa nitaje, kwa uadilifu, kwamba moto wa kwanza nao haukuwa na raha. Ulikuwa mkali mno, ukiunguza mikate upande wa chini hadi ikawa myeusi. Lakini wakubwa wa mji walikuwa wamekwisha kuuhesabu weusi ule kuwa alama ya heshima. Mgeni akialikwa katika nyumba kubwa aligeuziwa mkate auone weusi wake kabla ya kuumega. Akisha kuondoka, wenyeji walikwangua masizi kwa visu, kila mmoja akiwa amempa mwenzake mgongo.

Aliyeishika desturi hii kuliko wote alikuwa Sheikh Abul-Makarimu bin Nuaimi, aliyeitwa hivyo kwa jina la babu yake. Na tumtendee haki: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenye kusali, mwenye kulia akisoma, na mwenye kumtembelea mgonjwa. Babu yake ndiye aliyeliwasha tanuri lile siku ya kwanza, na Sheikh aliamini, tena kwa moyo wake wote, kwamba moto wa kwanza una baraka ya mkono wa babu yake. Kitambaa alichofunikia unga wake kilikuwa cha babu yuyo huyo. Hakuruhusu kifuliwe wala kitiwe rangi upya, baraka isije ikatoka na maji. Tena alimwomba Bi Unaisa awe akiisoma dua fupi ya babu kila anapoingiza mikate ya nyumba yake. Bi Unaisa hakupata kuiona dalili ya baraka hiyo, lakini dua yenyewe ilikuwa njema na Sheikh alikuwa ameomba kwa adabu, basi akaisoma kila siku.

Alikuwa pia na jirani, mjane Mkristo aliyeitwa Tekla, mshona magunia. Siku za Kwaresima Tekla hakula samli, na alimwomba Bi Unaisa kwamba mkate wake usiingizwe kwa kibao kilichogusa mikate ya samli. Bi Unaisa akachonga kibao cha pili na kukikata alama mbili mpinini ili asikosee, maana macho yake yalikuwa dhaifu na moshi haukuyasaidia. Watu walimcheka, mwanamke mmoja na vibao viwili. Yeye alisema tu, "Kuni za mpini huu ni zangu, na mkono ni wangu. Ninyi mmechoka nini?"

Siku moja Bi Unaisa alimkuta Tekla amekaa kizingitini, anautafuna mkate kama mtu anayetafuna kamba.

"Umeiva?" akamwuliza.

"Ukishikwa na njaa ya kutosha, umeiva," akajibu Tekla. "Tatizo ni tumbo langu. Halijui kudanganywa."

Maneno hayo yalimkaa Bi Unaisa moyoni. Kesho yake, Sheikh alipopita mbele ya tanuri akienda msikitini, alimsalimu, akamwomba ruhusa ya kusema, akasema: "Sheikh wangu, naona ingekuwa haki zaidi anayetangulia kufika ndiye atangulie kuoka, awe nani awe."

Sheikh alisimama. Watu waliokuwa barazani nao wakasimama, hata waliokuwa wamekwisha kusimama wakasimama vizuri zaidi.

"Bi Unaisa," akasema, "nasikia una kibao maalumu kwa ajili ya Mnasara."

"Ninacho, Sheikh."

"Kwa sababu unaiheshimu imani yake."

"Ndiyo."

"Basi iheshimu na yangu. Mimi naamini kwamba moto wa kwanza ni wa nyumba yetu na wa nyumba zilizo mfano wake. Au imani ya mshona magunia ina uzito kuliko imani ya mjukuu wa aliyeliwasha tanuri?"

Waliokuwapo waliona amemfunga. Bi Unaisa hakuwa mwepesi wa kujibu, na inasemekana alikunywa maji kwanza, akairudisha kata mahali pake. Kisha akasema:

"Sheikh wangu, imani ya Tekla inamfanya Tekla ale mkate mkavu. Imani yako inamfanya Tekla ale mkate mbichi. Wewe kula moto uutakao, nami nitakusomea dua ya babu yako mpaka siku nitakayokufa. Lakini mwenye imani awe ni yeye anayeumwa tumbo."

"Na tumbo lenyewe ni hili hapa!" Tekla akaita kutoka kizingitini, akijipiga kofi juu yake.

Watu wakacheka, na Sheikh hakupenda kuchekwa mbele ya watengeneza ngozi. Aliondoka zake. Alipofika nyumbani alimwita mtumishi wake, mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Nufaisa. Desturi ya Nufaisa ilikuwa kuufikisha ubao tanurini kwa kelele, akiita tangu kwenye kona, "Wa Sheikh huooo! Pisheni wa Sheikh!" Sheikh akamwambia: "Kuanzia leo usiseme na mtu tanurini. Wala usilipaze jina langu mbele ya watu wale. Weka ubao, ondoka."

"Nisiseme kabisa?"

"Hata neno."

"Na nikiulizwa?"

"Nufaisa!"

"Nimenyamaza," akasema Nufaisa.

Hapa ndipo palipotokea jambo ambalo halikupangwa na mtu. Kitambaa cha babu, baada ya miaka sitini ya jua bila ya rangi mpya, hakikuwa cha kijani tena ila katika nia ya Sheikh. Kilikuwa rangi ya vumbi kabisa. Miaka yote hiyo Bi Unaisa aliutambua ubao ule kwa sauti ya Nufaisa, siyo kwa kitambaa. Sasa sauti ilipokosekana, aliona kwamba vitambaa vya kijani vimepungua kimoja, akadhani Sheikh amekasirika na anaokewa katika mji wa jirani. Akasikitika. Na mbao zenye vitambaa vya rangi ya vumbi zilikuwa zimeongezeka moja, akadhani ni maskini mpya aliyehamia mjini. Akafurahi kwamba amepata pa kuokea.

Basi mkate wa Sheikh Abul-Makarimu bin Nuaimi ukaanza kuingia katika moto wa tatu, baina ya mkate wa Tekla na ule wa muosha maiti.

Msomaji atasema, mbona Sheikh hakuutambua ubichi? Jawabu ni kwamba wiki ileile mbeba kuni mmoja, Hudaili, mtu mwenye mabega mapana na mdomo mwepesi, aliwakusanya watu wa moto wa tatu. Akawaambia: "Zamu wametunyima. Moto je, nao wametunyima? Kuni nabeba mimi! Kila mtu aje na ubao wake na kijiti kimoja kwapani." Bi Unaisa aliichunguza desturi pande zote, akaona haikukataza kijiti. Wakaanza kufanya hivyo. Na kwa kuwa kuta za tanuri zilikuwa zimekwisha kushika joto, vijiti vile vichache vilitosha kuuamsha moto mpole, ulioenea sawasawa, usiounguza wala usioacha ubichi. Moto wa tatu ukawa moto bora wa siku, na waliojua hilo walikuwa ni wenyewe tu, kwa sababu wakubwa hawakuwa na desturi ya kukaa mpaka uwashwe.

Hali ilikuwa hivyo kwa siku arubaini. Mpokezi mmoja anasema thelathini na tisa, kwa sababu siku moja mvua ilizima tanuri, lakini wengi wamesema arubaini.

Katika siku hizo Sheikh alikuwa mtu mwenye furaha. Alikula mkate wa rangi ya dhahabu, laini ndani, wenye sauti ndogo ukimegwa. Aliwaalika wenzake. Waliugeuza mkate kwa mazoea, wakautazama, wakautazama tena.

"Sheikh, weusi uko wapi?"

"Baraka ikikamilika," akasema Sheikh, "weusi huondoka."

Wakaguna kwa husuda. Walirudi majumbani mwao kukwangua.

Sheikh akaona kwamba dalili imedhihirika. Akamwandikia kadhi wa mji, Sulaimu bin Harithi, mambo mawili: desturi ya mioto mitatu iandikwe katika hati ya wakfu iwe sheria ya milele, na watu wa moto wa tatu waondolewe kabisa, wakajenge tanuri lao nje ya ukuta, kwa kuwa mbao zao zinakaa baraza moja na mbao za baraka. Kadhi akaweka shauri siku ya Alhamisi, baada ya jua kupanda, uani kwa tanuri.

Jumatano, baada ya adhuhuri, Bi Unaisa alikuwa akifuta rafu, saa ambayo kwa kawaida alikuwa chumbani mwake, alipomwona Nufaisa anaingia kimya, anakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya chini, rafu ya moto wa tatu, na kuchukua mikate.

"Mama, hiyo siyo yenu," akamwambia kwa upole.

Nufaisa akatikisa kichwa.

"Mama Nufaisa, nakuambia ni ya yule maskini aliyehamia. Mwenye kitambaa hiki." Akakichukua kitambaa akakinyanyua kwenye mwanga wa mlango. Pembeni, karibu na pua yake, kulikuwa na uzi mmoja uliobaki na ukijani wake, na kwa uzi huo lilikuwa limefumwa jina la Nuaimi.

Bi Unaisa akakaa chini.

"Tangu lini?"

Nufaisa alitazama nyuma, akatazama mbele, akainama kwenye sikio lake na kunong'ona: "Arubaini leo."

"Na wewe ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Niliambiwa nisiseme. Sikusema." Akaongeza, akiwa ameshaanza, "Na mkate ni mtamu, Bi Unaisa. Makombo ni yangu, najua."

Sasa mtihani wa Bi Unaisa ulikuwa huu. Siku alipokabidhiwa ufunguo wa tanuri aliapa mbele ya kadhi kwamba kila mkate utaingia katika moto wake, na kwamba akikosea, ufunguo si wake tena. Pamoja na ufunguo kingekwenda chumba, na hakuwa na mume wala ndugu wa kumpokea. Alasiri ile aliwaeleza Tekla na Hudaili.

Hudaili alicheka mpaka akashika ukuta. "Sheikh! Amekula vijiti vyangu siku arubaini! Dada yangu, kesho simama useme yote, nataka kuziona ndevu zake."

"Nikisema, natoka chumbani."

Hudaili akaacha kucheka. "Basi usiseme. Kadhi ataisoma hati mwenyewe. Pengine atatuhukumia."

"Nyamaza, dada," akasema Tekla. "Kwani umemdhuru? Yule hajapata kula vizuri hivyo tangu aote meno."

"Nimemdhuru," akasema Bi Unaisa. "Yeye anaamini anakula moto wa babu yake, nami nimempa mwingine. Siamini anachoamini, Tekla. Lakini mkate wake ulikuwa amana mkononi mwangu, kama wako. Je, kama ningeutia mkate wako kwenye kibao cha samli, kisha nikanyamaza kwa kuwa ulikuwa mtamu?"

Tekla alifikiri. "Ningekuvunjia kibao chako," akakiri.

"Naam."

"Lakini ungeniambia kwa upole, sivyo?"

Alhamisi ua ulijaa. Nyumba kubwa zilikaa mkekani, wafanyabiashara walisimama nyuma yao, na watu wa moto wa tatu walipanda ukutani, ambako, kusema kweli, ndiko kulikoonekana vizuri zaidi. Sheikh alifika na mikate sita iliyofunikwa kwa kitambaa cha babu. Akaisema hoja yake kwa ufasaha mkubwa, kisha akammegea kadhi.

"Onja, ewe Kadhi wetu. Moto wa kwanza huo."

Kadhi alionja. Alikuwa mzee wa nyumba kubwa yeye mwenyewe, na kisu cha kukwangulia alikuwa nacho. Akatafuna, akafumba macho, akaomba kipande cha pili ili, kama alivyosema, ushahidi usiwe wa mmoja.

"Bi Unaisa," akasema akijifuta, "mkate huu unamshuhudilia Sheikh. Una la kusema?"

Bi Unaisa alisimama. Alikuwa ameushika ufunguo wa tanuri.

"Ninalo, nalo ni la kuomba radhi. Sheikh wangu, nimekukosea bila ya kukusudia. Kitambaa chako kimepauka, macho yangu ni dhaifu, na mtumishi wako hakuita. Mkate huu si wa moto wa kwanza. Ni wa moto wa tatu. Siku arubaini nimekuokea moto wa tatu, juu ya vijiti vya Hudaili, na ubavuni mwa mkate wa Tekla." Akauweka ufunguo mkekani. "Niliapa, na nimekosea. Ufunguo huu hapa."

Sheikh, aliyekuwa amejimegea pia, alikuwa na kipande mdomoni. Aliacha kukitafuna. Kukitema hakuweza, maana ni riziki ya Mungu; kukimeza hakuweza, maana ni cha moto wa tatu. Akabaki nacho shavuni, macho yamemtoka, na ukutani Hudaili aliuma kilemba chake ili asicheke.

"Hapana!" hatimaye akasema, kwa shida. "Nufaisa!"

Nufaisa akaletwa. Kadhi akamwuliza. Nufaisa hakujibu.

"Mama, sema."

Nufaisa akamwonyesha Sheikh kwa kidole, kisha akauonyesha mdomo wake mwenyewe.

"Sema, Nufaisa," akasema Sheikh kwa uchovu.

"Ni kweli tupu!" Nufaisa akapaza sauti ya siku arubaini, mpaka njiwa wakaruka. "Moto wa tatu! Rafu ya chini! Kila siku!"

Sheikh alimeza. Watu wote walikiona kipande kinashuka.

"Sheikh Abul-Makarimu," akasema kadhi, "mimi nimeonja, na sitaki kutoa hukumu kwa ulimi wangu peke yake. Nakuuliza wewe, ambaye sijapata kukusikia ukisema uongo. Ulikuwaje mkate huu?"

Palikuwa na watu mkekani waliokuwa wakimtazama ili aseme kwamba ulikuwa na kasoro fulani, ladha ya ngozi, chochote. Angesema, wangeshuhudia naye. Sheikh aliinamisha kichwa.

"Wallahi," akasema, "ulikuwa mtamu. Sijapata kula mfano wake."

Hapo kadhi akaagiza hati ya wakfu iletwe, nayo ilikuwa haijafunguliwa tangu zama za babu. Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja tu kuhusu zamu: tanuri hili ni la kila mwenye unga, atakayetangulia kufika atangulie kuoka. Chini yake palikuwa na sahihi ya Nuaimi, babu wa Sheikh, kwa mkono wake mwenyewe.

Sheikh aliisoma mara tatu. Kisha akaigusa sahihi kwa kidole.

"Shauri la zamu limekwisha," akasema kadhi, "na kila ubao utakuja na kijiti chake, wa nyumba yangu ukiwa wa kwanza. Umebaki ufunguo. Aliyekosewa ni Sheikh. Akisamehe, kiapo kimemwachia. Asiposamehe, mama huyu anatoka leo."

Sheikh alimgeukia Bi Unaisa. "Nataka kujua jambo moja," akasema. "Dua ya babu. Siku hizi arubaini uliisoma juu ya mkate wangu?"

Ukutani Tekla alifumba macho, na akaonekana akimwashiria kwa kichwa: sema ndiyo, sema ndiyo.

"Sikuisoma, Sheikh," akasema Bi Unaisa. "Nilidhani hukuleta mkate. Unanidai dua arubaini. Thelathini na tisa, ukiitoa siku ya mvua."

Inasemekana kwamba Sheikh alianza kutikisika mabega, na watu wakadhani analia, naye alikuwa mtu wa kulia. Lakini ilikuwa kicheko, na mara ya kwanza kusikika kwake uani pale. "Mwanamke huyu," akamwambia kadhi, akijifuta macho, "hawezi kuniibia hata siku ya mvua. Mrudishieni ufunguo. Nimesamehe, kwa sharti azilipe."

Alizilipa zote arubaini, kwa tahadhari.

Kuanzia hapo yalitokea mambo mawili. La kwanza ni kwamba nyumba kubwa, zilipokwisha kujua utamu wa moto wa mwisho ulivyo, zilishikwa na unyenyekevu wa ghafla. Kila mmoja alimsukuma mwenzake mbele, "Tangulia, ndugu yangu, mimi nani hata nitangulie," na asubuhi moja walitanguliziana hivyo mpaka moto ukakaribia kuzimika, Hudaili akawaambia kwamba tanuri haliivishi adabu.

La pili ni la Sheikh mwenyewe. Yeye hakuiacha imani yake. Alisema babu aliandika zamu ni ya anayetangulia, hakuandika kwamba moto wa kwanza hauna baraka. Basi mwenye kuitaka baraka na aamke. Akawa anakuja mwenyewe alfajiri, baada tu ya swala, amebeba ubao wake chini ya kitambaa kile kisichofuliwa, na kijiti kwapani. Siku nyingine alimkuta Hudaili ameshafika, akakaa nyuma yake barazani na kumwambia kwa uchungu wa kweli, "Wewe hulali?" Naye Hudaili alijibu, "Kuni zako zinaletwa na nani, Sheikh?" Siku alizowahi, alipata moto wa kwanza, na Bi Unaisa akausomea mkate wake dua ya babu bila kupunguza herufi, akautoa ukiwa mweusi chini kama kawaida, akampa.

Sheikh aliumega palepale, na alipoulizwa na Tekla ukoje, alijibu akitafuna kwa sauti, "Mtamu."

Bi Unaisa hakumwuliza zaidi, maana meno yalikuwa yake.

Sisi tuliosoma kisa hiki tuna mazoea ya kuvichanganya vitu viwili. Tukitaka kumheshimu mtu tunamwachia na lile analowatwika wengine. Tukitaka kuiondoa dhuluma tunamnyang'anya na lile alilojitwika mwenyewe. Bi Unaisa, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliubomoa utaratibu uliowalisha watu mkate mbichi, na hakumpunguzia mtu yeyote dua yake. Tumwombe Mola atujaalie macho ya kutofautisha, hata yakiwa dhaifu, na ulimi wa kukiri siku yatakapokosea.